Mvuka Bara Aliyekuja kwa Ndege

Jumamosi, 5 Julai 2025

Baridi! Asubuhi maji ya bomba la uani yalikuwa yameganda. Biashara nzuri, basi. Mablanketi ya manyoya kumi na mawili yamekwenda kabla ya adhuhuri, na lile koti la manyoya ya zambarau ambalo nilidhani nitazikwa nalo. Huku mablanketi haya wanayaita mink. Mteja mmoja kaniuliza mink ni mnyama gani. Nikamwambia ni jamaa ya paka, anaishi kwenye theluji, ni mpole lakini ana wivu. Nilibuni papo hapo. Blanketi lenyewe ni plastiki tupu.

Daftari hili nimelinunua leo kwa sababu ya Nusaiba. Nusaiba ni binti wa Shufaa mwenye mgahawa, miaka kumi na miwili, mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg. Shule zimefungwa na wamepewa kazi ya likizo: waandike habari za mpelelezi mmoja wa zamani, Mzungu wa biashara ya manyoya, aliyevuka bara la Amerika kwa mtumbwi na kwa miguu wakati ramani yake ilikuwa karatasi nyeupe. Kisha kila mwanafunzi atafute mtu wa mtaani kwao anayefanana naye. Nusaiba hakufikiri mara mbili. "Uncle Karimu! Unauza manyoya, na ulivuka Africa. You're perfect!" Halafu akauliza: wapelelezi wote wanaandika journal, yako iko wapi?

Nikasema iko nyumbani.

Kwa hiyo nimekaa nighushi. Tanga mpaka Johannesburg, mwaka 2011, siku thelathini na nne. Nikaandika tarehe ya kwanza. Nikakwama. Ajabu — mdomoni uongo unateleza kama bamia, kwenye karatasi unagoma. Nimechana ukurasa. Basi niandike ukweli mara moja, hakuna atakayesoma:

Nilikuja kwa ndege.

Saa tatu na nusu angani. Tiketi alinunua mjomba. Kiti cha dirishani, kuku na wali. Nikaomba juisi ya pili, wakanipa!

Kosa lilianza hivi. Nilipofika Fordsburg, mtaa tunaofanyia biashara, wote niliowakuta walikuja kwa njia ya chini — malori, mapori, mito, miguu. Kila mtu na kovu lake. Mimi nilikuwa na peremende ya ndege mfukoni. Mtu akaniuliza, na wewe ulipita wapi? Nikajibu, "Huko huko." Neno moja tu! Huko huko ikazaa Malawi, Malawi ikazaa Zambia, Zambia ikazaa simba. Safari yangu ni nguo ya viraka: mto wa huyu, mamba wa yule, polisi wa fulani. Miaka kumi na minne sasa. Naitwa Mvuka Bara. Vijana wakitaka kusafiri wanakuja niwachoree ramani — na mimi nachora.

Jumapili, 6 Julai

Nimepeleka mablanketi matatu kwa mteja wa mtaa wa Observatory. Kwa miguu, kwenda na kurudi, kile kilima chote, mzigo kichwani. Wanaume waliokaa nje ya spaza, kile kiduka cha mtaani, wakanishangilia: Mvuka Bara hajui kuchoka!

Ukweli ni kwamba nikipanda teksi natapika. Robot mbili tu, yaani taa za barabarani, ya tatu sifiki. Natembea kwa kichefuchefu, wao wanasema natembea kwa ushujaa. Sikuwasahihisha.

Nimerudi kwa Shufaa, nikala chapati na maharage. Mgahawa wake una meza nne, dirisha moja na sheria moja: ukimaliza, mpishe mwenzako. Mimi hanifukuzi. Leo akasema, hebu ile ya simba tena. Nikaisimulia, nikamwongezea simba mke. Shufaa akicheka huwa anashika ukingo wa meza, kama mtu anayeogopa kuanguka. Ni mjane wa miaka sita. Anatoka Tanga, Chumbageni, mitaa mitatu kutoka kwetu, na ilibidi tuje wote huku kusini ili tuonane.

Nampenda Shufaa. Haya, nimeandika. Nampenda na nataka kupeleka posa.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia! Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka manne: "Nataka kuja kwenu rasmi." Hakushtuka. Aliendelea kusukuma chapati. Akasema baba yake alishafariki, walii wake ni kaka yake mkubwa, Abdulrahman, na bahati iliyoje, kaka anakuja Jumapili kututembelea. "Mtapatana sana," akasema. "Kaka aliendesha lori miaka thelathini na moja. Zambia, Malawi, Kongo, Botswana. Ile njia yako yote anaijua kama kiganja cha mkono wake."

Chapati ilinikaa kooni. Nilipigwa mgongoni na mtu nisiyemjua.

Jumatano, 9 Julai

Nimemfuata Octave. Tunakaa naye flat moja pale Doornfontein, chumba chake na changu, jiko la pamoja. Ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, mpole, anapiga pasi mpaka soksi. Yeye alikuja kwa njia ya chini kweli. Alinisimulia mara moja tu, jioni umeme ulipokatika, saa nzima tukiwa gizani. Umeme uliporudi akanyamaza katikati ya sentensi, akaenda kuosha vyombo. Mimi niliyasikia yote. Kesho yake nikayatumia.

Leo nikamwambia, ndugu yangu, hebu nikumbushe kidogo ile njia. Kazungula, pale mnapovuka mto kutoka Zambia kuingia Botswana, mlipita vipi? Vibanda vilikuwa upande gani?

Akaniambia bila kuinua macho kwenye mashine: "Ile njia nilishaiacha kule. Sisemake ile mambo mara mbili."

Kisha akaniuliza naitaka ya nini. Nikasema nataka kujua tu. Nikabadilisha mazungumzo — nikamwomba awe mshenga wangu. Yeye ni Mkristo, najua, lakini ndiye rafiki yangu wa pekee mwenye suti. Alifurahi mpaka aibu ikanishika. Kaanza kuipiga pasi leo, na siku yenyewe bado.

Ijumaa, 11 Julai

Balaa. Nimetoka msikitini, namkuta Jeannine dukani kwangu, kashika kiuno. Jeannine ni msusi, mtu wa Lubumbashi, sauti yake haihitaji spika. Mwezi wa tano nilimchorea ramani ya kupeleka nywele za bandia Zambia. Leo amerudi.

"Weye Karimu! Ile carte yako ilinipeleka fasi gani? Ulichora barabara! Nilikuta mai! Mai na viboko!"

Duka zima likageuka. Nikasema labda ni mafuriko, dunia inabadilika. Akasema dereva aliitazama ile karatasi akacheka mpaka akalia, na yeye akalala siku mbili kwenye kituo, yeye na magunia yake ya nywele, na baridi juu.

Nimempa blanketi la manyoya, la rangi ya krimu. Kalikubali. Lakini alipofika mlangoni akageuka na kusema, polepole sasa, na ndiyo iliyoniuma: "Mimi nilikuamini, weye."

Leo sichori tena ramani. Wamekuja wawili, nimewaambia kalamu imekwisha.

Jumapili, 13 Julai

Tumekwenda kumpokea kaka Abdulrahman uwanja wa ndege. Shufaa, Nusaiba na mimi. Nimeshika pumzi kwenye gari njia nzima, kichwa nje ya dirisha kama mbuzi wa Idi.

Sasa taabu nyingine — kujifanya sijawahi kukanyaga pale. Mimi ambaye najua mpaka vyoo viko wapi! Nikashangaa milango inayofunguka yenyewe. Nikaogopa ngazi zinazotembea. Nusaiba akanishika mkono anipandishe. Nadhani ngazi nilizidisha, maana Shufaa alinitazama kwa jicho la pembeni.

Kaka ametoka. Mfupi, mpana, ndevu nyeupe, viatu vya ngozi vya dereva. Jambo la kwanza alilosema baada ya salamu ni kwamba ndege ni upuuzi: masikio yameziba, mtu unakaa kama gunia, na kuku walimpa kipande kimoja. Kaomba juisi ya pili wakamnyima.

Nikambebea begi.

Jumanne, 15 Julai

Baada ya Magharibi tukaenda kwa Shufaa kupeleka posa. Octave na suti yake, mimi na kanzu mpya. Octave alianza vizuri mno. Alisema tumekuja kwa heshima, tumeona taa inawaka katika nyumba hii. Alikuwa amejifunza kwa wazee wa Kitanga wa Fordsburg, wiki nzima, mimi sijui.

Kaka akasikiliza. Akasema maneno mazuri yamefika, lakini yeye anapima watu kwa barabara. Akatueleza kanuni ya lori lake. Utingo mpya, yaani msaidizi wa dereva, anakula chakula chake mwenyewe. Dereva hamwambii kitu. Ila siku dereva akimenya chungwa akampa nusu, basi huyo ni mtu wake, hata gari likiungua. "Wengine tumekwenda Lubumbashi na kurudi, sijamenya."

Halafu akanigeukia. "Haya, Mvuka Bara. Nipitishe."

Nikampitisha! Mungu anisamehe, nilikuwa kwenye ubora wangu. Mbeya, Tunduma, lori la mbao, baridi ya alfajiri. Simba nilimwacha kwa tahadhari. Nikafika Kazungula. Nikasema nilivuka daraja kwa miguu, daraja refu, limepinda kama upinde, mzigo begani, begi la nguo? hapana — kichwa cha cherehani, nilikuwa nimekibeba toka Lusaka, chuma kinaniuma begani, na katikati ya daraja nikasimama nikatazama maji nikasema sitarudi.

Kaka akauliza: "Daraja?"

Nikasema daraja.

"Elfu mbili na kumi na moja?"

Nikasema ndiyo. Akanywa chai. Akatazama, si mimi, akamtazama Octave. Octave alikuwa ameweka kikombe chini na mkono mmoja umeshika bega lake la kulia.

Tumerudi mpaka Doornfontein, Octave mbele, mimi nyuma. Kwenye ngazi akasema:

"Ile daraja walifungua 2021. Mimi nilipita 2022, ilikuwa ingali mpya. Mbele ya 2021 watu walivukaka na bac, ile kivuko. Weye 2011 ulipita juu ya nini? Juu ya hewa?"

Nikatafuta ufunguo mfukoni.

"Na kichwa ya mashine. Hii bega ingali inauma mu baridi. Weye umeikamata, umeiuzisha na chai."

Akaingia chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Angebamiza ningelala vizuri.

Alhamisi, 17 Julai

Octave haongei nami, lakini ushenga hajauacha. Leo jioni amekwenda peke yake kuchukua jibu, na suti. Nimemsubiri jikoni. Amerudi, amekaa, amevua viatu, amevipanga. Nimekaribia kulia.

Jibu: kaka hataki mahari ya fedha wala ya ng'ombe. Hapandi tena ndege, tiketi ya kurudi amekwisha kuigawa. Anarudi Tanga kwa barabara. Kwa njia yangu mimi. Na mimi nimpeleke, niwe utingo wake, na nichukue na robota la mablanketi yangu tukauze Lusaka na Mbeya, maana mfanyabiashara hasafiri mikono mitupu. Tukifika Tanga, na kama bado ananitaka, ndoa itafungwa huko huko mbele ya wazee wetu. Shufaa na Nusaiba watafuata kwa ndege.

Wao kwa ndege! Mimi kwa barabara!

Nikamuuliza Octave, ukamwambiaje? "Mimi niko messager tu," akasema. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, nikaona meno yake.

Jumapili, 20 Julai

Fordsburg nzima imesikia. Mvuka Bara anarudi porini! Muuza viatu wa jirani kanipa tochi. Mwingine kanipa kisu kinachokunjwa. Mtu kaniuliza nitapita kwa yule simba wangu, nimsalimie.

Nimefikiri kuugua. Nimefikiri kuvunjika mguu — kidogo tu, mguu wa kushoto. Nimekwenda duka la dawa kununua vidonge vya kichefuchefu, dada akaniuliza ni vya mtoto wa umri gani. Nikasema thelathini na tisa.

Nusaiba kanionyesha kazi yake. Karatasi kubwa. Upande wa kushoto yule Mzungu wa manyoya na mtumbwi wake. Upande wa kulia picha yangu, na pembeni amebandika kipande cha manyoya ya zambarau, kilichobaki nilipopunguza urefu wa lile koti mteja alipotaka. Katikati amechora Afrika, na uzi mwekundu unatoka Tanga unashuka. Aliniuliza kwa kile Kiswahili chake ambacho hakipendi kutoka: "Uncle, pale kwa bridge, uliogopa?"

Nikasema sana. Ni jambo la kwanza la kweli nililowahi kumwambia kuhusu daraja lile.

Jumanne, 22 Julai

Shule zimefunguliwa leo. Kesho saa tatu asubuhi basi linaondoka, Johannesburg mpaka Lusaka kupitia Botswana. Nimeenda kumuaga Shufaa baada ya wateja wa mchana. Alikuwa amenifungia kikapu: machungwa, vitumbua, tangawizi iliyomenywa, na mifuko ya plastiki kumi, imekunjwa vizuri kama leso.

Nikauliza mifuko ya nini.

"Ya kutapikia," akasema. "Unafikiri sikukuona kwenye gari la uwanjani?"

Kisha akafuta meza iliyokuwa safi. Akaniambia, na hapa nataka kuyaandika vile vile alivyoyasema:

"Marehemu alikuja kwa njia ile, Karimu. Nimeishi naye miaka tisa. Hakunisimulia hata siku moja. Nikiuliza, anatoka nje. Wewe unaisimulia huku umeshika chapati. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Nikavuta kiti. Nikakaa. Nikasema, mbona hukusema?

"Nilikuwa nacheka. Nilikuwa sijacheka miaka miwili."

Nikataka kumshika mkono, akauondoa, akanipa kitambaa nijifute uso. Akasema kaka naye si mjinga, lakini hatanisaidia. Yeye hamsaidii mtu. Sharti la Shufaa ni moja, na ni lake, si la kaka: nimwambie kaka kwa mdomo wangu kabla hatujavuka Limpopo, mto wa mpakani. Nikivuka mpaka na uongo wangu, niendelee nao mpaka Tanga, nikauoe huo.

Nikauliza kazi ya Nusaiba je. Akasema Nusaiba ameutoa ule uzi mwekundu. Afrika yote ameiacha nyeupe. Mwalimu amempa wiki mbili zaidi, kwa sababu, amemweleza mwalimu, mpelelezi wake ndiyo kwanza anaondoka.

Wote wanajua. Mtu mzima ninavuliwa nguo na mtoto wa miaka kumi na miwili, na kwa adabu!

Octave hayupo chumbani. Nimemwachia mlangoni blanketi, lile bora la kijivu, kwa ajili ya bega. Nimeandika kikaratasi mara tatu, na mara tatu nimekichana. Blanketi si maneno. Najua.

Jumatano, 23 Julai

Ndani ya basi, saa nne kasorobo. Kaka kachukua kiti cha dirishani. Robota la manyoya liko juu ya paa. Dereva anaendesha vibaya, kaka anamsahihisha kwa sauti toka kiti cha tisa.

Mfuko wa kwanza: Midrand. Wa pili: Pretoria. Pretoria! Hata hatujatoka mjini. Kaka aliutazama mfuko, akanitazama mimi. Akauliza mwaka 2011, siku thelathini na nne, nilitumia mifuko mingapi? Nikasema wakati ule nilikuwa kijana. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ujana ni kitu kikubwa.

Mokopane, saa saba. Basi limesimama kujaza mafuta. Nimekula tangawizi. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikauliza kama anataka choo.

Baada ya Mokopane. Sasa ni miti ya miiba tu na uzio, kilomita kwa kilomita, na vumbi jekundu. Sijawahi kuona nchi hii. Naishi huku miaka kumi na minne na sijawahi kuiona! Niliipita juu nikiwa nakunywa juisi. Kuna nyani wamekaa kwenye nguzo za uzio kama mafundi waliomaliza kazi. Kuna mwanamke anatembea peke yake na ndoo, na hakuna nyumba mbele yake wala nyuma yake. Nilimfikiria Octave na kile chuma begani. Mimi nimekaa kwenye kiti chenye mto na bado natapika. Yeye alitembea.

Mchoro wangu wa sehemu hii ulikuwa na mnara wa msikiti na duka la chai. Nimewapa watu wangapi? Saba. Labda tisa.

Saa tisa na nusu. Foleni ya mpakani. Malori mpaka upeo wa macho. Mto uko pale chini, nimeuonyeshwa. Mdogo! Mimi huwa nautia mamba sita. Basi linasogea hatua moja, linakaa. Mbele yetu mabasi mawili.

Nimemwambia.

Nimesema: "Kaka Abdulrahman, mimi nilikuja kwa ndege." Sikutanguliza salamu wala msemo. Nikaongeza: daraja si langu, cherehani si yangu, simba hayupo kabisa.

Kaka kageuza uso. Anatazama dirishani. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Bado anatazama dirishani.

Basi moja limevuka.

Amesema. Ameuliza ndege ilikuwa na chakula gani. Nikasema kuku na wali.

"Juisi?"

"Mbili."

"Mbili!" Kageuka mwili mzima. Hilo ndilo lililomuuma! Akasema yeye walimwambia sheria ni moja kwa abiria, na ana umri wa kuwa baba yao. Mama wa kiti cha nyuma anacheka. Mimi sijacheka, sijui kama ninaruhusiwa.

Amefungua kikapu cha Shufaa. Ametoa chungwa. Anamenya kwa ukucha, polepole, ganda moja refu lisilokatika. Moyo wangu uko kwenye lile ganda. Ameligawa. Nusu anakula. Nusu nyingine ameiweka juu ya leso, gotini kwake. Nikanyoosha mkono.

Akaufunika kwa kiganja chake. Akaniuliza ile njia ni ya nani. Kabla sijajibu akasema yeye anajua ni ya nani, aliuona uso wa mshenga wangu hadithi yangu ilipofika darajani, uso wa mtu anayetazama nguo yake imevaliwa na mwizi sokoni. "Umemwomba radhi?"

Nikasema nimemwachia blanketi.

"Sikuuliza blanketi." Akaniuliza kama simu yangu ina chaji. Akasema mtandao wa huku unakata tukishaingia darajani. "Mpigie mwenye njia. Mwombe radhi kwanza, kisha mwombe ruhusa tupite. Akikataa, tunashuka hapa wote wawili, na mablanketi yako."

Anasema kweli. Ameshachukua kofia yake.

Basi la mbele yetu limeitwa. Kondakta anapaza sauti, pasipoti mkononi, pasipoti mkononi. Yangu iko kwenye meno. Naandika kwa mkono wa kulia, simu nimeibana begani, bega la kulia, na tayari linauma. Nusu ya chungwa bado iko kwenye leso. Nimebonyeza jina la Octave.

Inaita.

Inaita —